Bibi anafuma vizuri ila hawezi kunieleza, dizaini nitajifunzia wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja, ni refu kwa hiyo nalifupisha. Anasema alifundishwa kufuma na bibi yake tangu mdogo, sindano mbili anaziweza, kroshia anaiweza, na sasa hivi yuko kwenye kikundi cha wafumaji wenzake wanaokaa pamoja kila wiki. Ukimwonyesha kitu anakiiga vizuri kabisa. Shida inaanza akitaka kutengeneza sweta lake mwenyewe kutoka kichwani, hapo anakwama, hajui aanze na stichi ngapi, hajui apunguze wapi. Bibi akiulizwa anajibu "ni hivyo tu, angalia mikono yangu", na kwenye kikundi kila mtu ana lake, huyu anamwambia kwenye duara ongeza 6, yule anasema 12. Sasa anauliza awaache hao wote atafute kozi ya kulipia? Na siku akifanikiwa kuandika pateni, yaani maelekezo ya kufuma, kutokana na maua ya bibi yake, ni sawa kuweka jina lake juu?

Dada yangu, usiwaache. Kozi ukipata hela na nafasi nenda, hakuna ubaya, ila nakwambia ukweli, sehemu kubwa ya utakachofundishwa huko ni hesabu ambazo bibi yako anazo tayari mikononi, tofauti ni kwamba hajawahi kuzitamka kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa namna inayomfanya azitamke. Kazi yako ni kuzitoa mikononi mwake uziweke kwenye daftari. Na hao wenzako wanaobishana ndio unaowahitaji zaidi ya unavyofikiri, nitafika huko.

Kwanza tuelewane kuhusu dizaini maana watu wengi wanadhani ni kipaji cha kubuni maua ambayo hayajawahi kuonekana. Hapana. Dizaini ya kufuma ni maamuzi: uzi huu au ule, sindano nene au nyembamba, nianze na stichi ngapi, niongeze wapi, niache wapi. Ukifuata pateni ya mtu maamuzi yote keshakufanyia, wewe umebaki kutekeleza tu, ndio maana mtu anaweza kufuma miaka na miaka kazi safi kabisa na bado siku ukimpa uzi bila pateni anakutolea macho. Kwa bibi ulikuwa unachukua hatua. Sasa rudi ukachukue sababu.

Na hapa namna ya kuuliza ndio kila kitu. Ukimuuliza "unafanyaje?" atakuonyesha mikono, na mikono ya mtu aliyezoea inakwenda yenyewe, hata yeye haioni tena. Kwa hiyo acha kuitazama ikienda, itazame inaposimama. Utaona anafuma anafuma, ghafla anatulia, ananyoosha kazi juu ya paja, anaivuta kidogo pembeni, anaweka kiganja juu yake, labda anahesabu kimoyomoyo, alafu anaendelea. Pale aliposimama ameamua kitu. Muulize hapohapo, usisubiri amalize, "bibi hapo ulikuwa unaangalia nini?" Atakujibu kitu kama "naona mkono bado mwembamba" au "nikiendelea hivi shingo haitapita kichwani". Umeona? Hiyo ni sababu tayari, iandike na uandike pia alikuwa amefika mstari wa ngapi na ana stichi ngapi kwenye sindano.

Wazee wengi wanapima kwa mwili, shubiri, wanda, urefu wa kidole, na vijana wanadharau wakidhani ni kukisia. Sio kukisia hata kidogo. Chukua tepu upime shubiri ya bibi yako mwenyewe, ya kwake sio ya kwako maana hazilingani, kisha rudi kwenye maneno yake. Tuseme anakwambia kofia ya mtu mzima ni shubiri mbili na nusu, na shubiri yake umeikuta sentimita 20, basi anaongelea sentimita 50. Kichwa cha mtu mzima wengi kinacheza kwenye 55 mpaka 57. Kwa hiyo bibi anafuma kofia ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 5 hadi 7, makusudi, ili kofia ivutike kidogo ikamate. Hiyo ni kanuni ya wabunifu wengi, kofia na soksi za kukamata zinafumwa ndogo kuliko mwili, soksi kama asilimia 10 hivi, na sweta la kawaida linafumwa kubwa kuliko kifua kwa sentimita 5 mpaka 10 kutegemea unataka libane au liachie. Bibi hajui asilimia lakini kofia zake hazianguki.

Muombe pia kitu cha zamani alichofuma yeye, kilichovaliwa kweli, na ukikaa nacho jioni moja utajifunza mengi kuliko kwenye sweta jipya lililotundikwa. Angalia palipolegea, palipochanika, kiwiko kimefanyaje, shingo imetanuka au imeshika. Kisha anza kukisoma. Kwenye ufumaji wa kawaida wa sindano mbili, ule wenye sura laini mbele na vinundu nyuma, kila stichi mbele ina umbo la V, na ncha ya chini ya V inaelekea kule kazi ilikoanzia, kwa hiyo hata bila bibi kuwepo unajua sweta lilianzia chini au lilianzia shingoni. Tafuta mahali V mbili zimelaliana zikawa moja, hapo alipunguza. Tafuta mahali pametokea V mpya kutoka pasipokuwa na kitu, hapo aliongeza. Hesabu mistari kati ya punguzo na punguzo. Nakuhakikishia ukimaliza utakuwa umeandika pateni ambayo haijawahi kuandikwa, na ukimrudia bibi na maswali ya "kwa nini hapa ulipunguza kila mistari 2 halafu ukabadilisha ikawa kila mistari 4" atakushangaa na ataanza kuongea, maana sasa anaongea na mfumaji mwenzake.

Kama kuna kitu kimechakaa hakivaliki tena, omba ruhusa ukifumue. Unaanzia pale alipofungia, ndipo penye mwisho wa uzi unaofumuka kwa urahisi, na ukienda taratibu unayaona maamuzi yake yote yakirudi kinyumenyume moja baada ya lingine. Huo uzi usiutumie kupimia kitu mpaka umeuosha na kuukausha ukiwa umening'inia, maana umejikunja na utakudanganya.

Sasa tuje kwenye namba, hapa nataka nikae kidogo maana ndipo unapokwamia. Namba ya kwanza ni sampuli. Fuma kipande kwa uzi uleule na sindano ileile, upana usipungue sentimita 15, kioshe, kikaushe, kisha pima katikati, sio pembeni, pembeni stichi zinavutika na kujikunja. Hesabu kwenye sentimita 10 kuna stichi ngapi na mistari mingapi. Watu wanaruka hii wanaona inapoteza muda na uzi. Basi piga hesabu: unataka kifua sentimita 100, umekadiria stichi 20 kwenye sentimita 10, ukaanza na stichi 200. Kumbe mkono wako unakaza, kweli unatoa 22. Zile 200 zitakupa kama sentimita 91. Stichi 2 tu umekosea na sweta zima halipiti.

Bibi hafanyi sampuli, najua utaniambia hivyo. Anafanya, ila sampuli yake ni kazi zake zote za nyuma, ametumia uzi wa aina moja na sindano zilezile muda mrefu mpaka anaijua namba yake bila kuipima. Mpe uzi mgeni kabisa uone, ataanza, atafuma mistari kadhaa, atautazama, atafumua, ataanza tena. Ile mistari aliyoifumua ndiyo sampuli.

Ukishakuwa na namba ya sampuli, sweta linafunguka. Kuna mfumaji mmoja mashuhuri, Elizabeth Zimmermann, alizaliwa Uingereza mwaka 1910 akahamia Marekani, huyu alifundisha mfumo ambao mpaka leo wafumaji wanautumia: sweta la kufumwa kwa kuzunguka unahitaji namba moja tu, stichi za kifua, zinazobaki zote unazipata kwa asilimia ya hiyo namba. Tuchukue kifua chetu cha sentimita 100 na sampuli iliyotoa kweli 20, sentimita 100 mara stichi 2 kwa kila sentimita, unapata 200. Mkono pale kwenye kifundo ni asilimia 20, yaani stichi 40. Mkono ukifika juu ni asilimia 33, stichi 66. Kwapani unaacha pembeni asilimia 8, yaani stichi 16, kwenye mwili kila upande na kwenye kila mkono. Shingo asilimia 40, yaani 80. Ukiunganisha mwili na mikono miwili juu ya kwapa, mwili umebaki 168 na kila mkono umebaki 50, jumla 268, na kutoka hapo unapunguza kidogo kidogo mpaka ufike 80 za shingo. Kwa kalkuleta ya simu hiyo ni kazi ya dakika chache. Na mfumo wenyewe umepita kwa familia pia, mtoto wake Meg Swansen ndiye aliyeuendeleza na kuufundisha baada ya mama yake.

Kuongeza kwenye mkono watu wanaogopa bure. Unatoka 40 unaenda 66, tofauti 26, ukiongeza stichi 2 kila unapoongeza, moja huku moja huku, ni mara 13. Mkono wako una sentimita 40 kufika kwapani na sampuli inasema mistari 28 kwenye sentimita 10, basi una mistari 112. Gawa 112 kwa 13 unapata 8 na ushee, kwa hiyo unaongeza kila mstari wa 8 mara 13, imekula mistari 104, ile 8 iliyobaki unafuma bila kuongeza. Kwisha. Hakuna siri nyingine hapo.

Lakini usiishie kukopa asilimia za mtu. Chukua sweta la bibi, hesabu stichi za kifua, za kifundo, za juu ya mkono, za shingo, kisha ziweke kwenye asilimia. Labda utakuta kifundo chake ni asilimia 22 na juu ya mkono ni 36, maana yake anapenda mkono ulioachia, na ndio maana masweta yake mtu anaweza kukunja mikono bila kubanwa. Fanya hivyo kwenye masweta yake mawili matatu, ukiona namba zinajirudia hiyo ndiyo kanuni ya nyumbani kwenu, haipo kwenye kozi yoyote, na ukiibadilisha kwa mwili wako na uzi wako hapo umeanza kudizaini kweli. Ukiniuliza mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwenye ufundi huu. Nikiona mtu anakimbilia pateni za kununua wakati nyumbani ana mtu amefuma maisha yake yote roho inaniuma kabisa.

Sasa ugomvi wa kikundi, 6 au 12. Wote wako sahihi na hakuna aliyeeleza kwa nini. Kwenye kroshia duara likikua mzunguko mmoja, nusu ya upana wake imeongezeka kwa urefu wa stichi moja, na mzingo wa duara unakua mara 6.28 ya hapo, ile mbili mara pai ya darasani. Stichi fupi, ile isiyozungushiwa uzi kabla ya kuingiza sindano, urefu wake na upana wake unakaribia kulingana, basi kila mzunguko unahitaji kama stichi 6 za kuongeza. Stichi ndefu, ile unayozungushia uzi mara moja, ina urefu kama mara mbili ya upana wake, basi unahitaji 12. Ya katikati inaangukia 8 mpaka 10. Kwa hiyo yule wa 6 anafuma fupi na yule wa 12 anafuma ndefu, na mkono wa mtu nao unabadilisha, anayekaza stichi zake zinakuwa fupi zaidi anaweza kuhitaji pungufu kidogo. Ukiongeza kidogo kuliko inavyotakiwa kazi inakunjamana kuwa kikombe, hiyo ni njia ya kofia, ukizidisha inatoa mawimbi pembeni. Na hayo mawimbi msiyadharau: mwaka 1997 mwanahesabu Daina Taimina wa chuo kikuu cha Cornell, Mlatvia aliyejifunza kroshia utotoni, aliyatumia kutengeneza umbo la jiometri ambalo kabla ya hapo watu walihangaika kulionyesha kwa karatasi, aliongeza stichi kwa uwiano uleule kila mstari, basi. Stichi alizofundishwa akiwa mtoto zikamfikisha huko kwa sababu alijua kwa nini anaongeza.

Umeona basi faida ya wenzako. Bibi mmoja anakupa jibu moja na unaliona kama sheria. Watu watano wanakupa majibu matano, na tofauti kati ya majibu ndipo sababu imejificha. Mkikutana wiki ijayo pendekeza hivi, wote mchukue uzi uleule, sindano saizi ileile, kila mtu afume stichi 30 mistari 40, kisha mviweke vipande mezani pamoja. Mmoja atatoka na upana wa sentimita 13 na mwingine 16, kwa uzi uleule. Mkishavitazama hakuna mtu atakayewaambia tena kwamba saizi ya sindano iliyoandikwa kwenye lebo ya uzi ni amri. Alafu siku nyingine chukueni kitu kimoja, kisigino cha soksi kwa mfano, kila mtu aonyeshe anavyokigeuza na aseme anakipendea nini. Huyu atasema chake hakitoboki haraka, huyu atasema chake kinakaa vizuri mguuni, huyu atasema chake ni cha haraka anafuma nyingi za kugawa. Hapo umepata visigino vitatu na sababu tatu, na siku ukidizaini soksi yako unachagua kwa kujua.

Mkiwa mnaangaliana kazi, "hongera imependeza" ni maneno mazuri lakini hayakufundishi kitu. Uliza maswali yanayojibika, kwapa linavuta? ukiinua mkono sweta linapanda kiasi gani? hizi rangi mbili ukisimama mbali zinatengana au zinazama? Kwenye rangi piga picha ya simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, rangi mbili zikitoka kijivu kimoja ua lako halitaonekana hata kama kwa karibu zinang'aa. Na usidhani wa kukufundisha lazima awe fundi mkubwa. Kaffe Fassett, mchoraji wa Kimarekani aliyehamia Uingereza miaka ya 1960, alinunua nyuzi za rangi rangi huko Scotland akiwa hajui hata kufuma, akafundishwa na abiria mwenzake ndani ya treni, na mwaka 1988 makumbusho ya Victoria and Albert ya London ikaonyesha kazi zake. Stichi alipewa na abiria, jicho la rangi alikuja nalo kutoka kwenye uchoraji. Wewe pia una jicho lako la kitu fulani, na mwenzako ana la kwake, ombaneni.

Kuna vitu vitatu vinavyowafanya watu wa kikundi kimoja wasielewane bila kujua. Majina kwanza. Pateni za kroshia za Uingereza na za Marekani zinatumia majina yaleyale kwa stichi tofauti, ile wanayoiita dabo Waingereza ndiyo Wamarekani wanaiita singo, kwa hiyo aliyejifunza kwa shangazi mwenye vitabu vya Kiingereza cha Uingereza na aliyejifunza kwa video za Kimarekani watabishana mpaka jioni. Dawa yake ni chati za alama. Wajapani pateni zao karibu zote ni chati, na mtu asiyejua herufi moja ya Kijapani anazifuma, kwa hiyo jifunze kusoma chati na ujifunze kuchora zako kwenye karatasi ya miraba, ukichora ua la bibi kwenye miraba utaona mara moja linajirudia baada ya stichi ngapi. Angalizo tu, miraba ya daftari ni sawa pande zote wakati stichi za sindano mbili ni pana kuliko urefu wake, zile 20 kwa 28, kwa hiyo ua ulilolichora duara litatoka limebonyea.

Cha pili ni stichi zilizojisokota. Kuna familia wanazungusha uzi kinyume wakifuma upande wa nyuma, stichi inakaa kwenye sindano imegeuka, na wakirudi mbele wanaichukua kwa nyuma yake inanyooka yenyewe, kazi inatoka safi kabisa. Ukichanganya nusu ya njia yao na nusu ya njia ya mwenzako kila stichi inajisokota na kitambaa kinakuwa kigumu. Hakuna njia mbaya hapo, chukua moja nzima. Na cha tatu, kama kuna anayetumia mkono wa kushoto mkalishe uso kwa uso na mwalimu wa mkono wa kulia, akimtazama kama kwenye kioo ataiga sawasawa, akikaa ubavuni kwake atahangaika bure.

Ukishaandika pateni yako ya kwanza iwe ndogo, kofia au shali, wape wenzako wawili waifume kutoka kwenye karatasi na wewe unyamaze. Kunyamaza ni kugumu lakini ukieleza kwa mdomo umeharibu jaribio. Kila anapokuuliza weka alama hapo, ndipo maandishi yako yana shimo. Mchague mmoja anayekaza na mmoja anayelegeza, na kama ni nguo mchague wenye miili tofauti, maana kukuza saizi sio kuzidisha kila kitu sawa, kifua cha mtu kikiongezeka sentimita 20 mabega hayaongezeki hivyo, ukizidisha tu mabega yatamwangukia kwenye mikono. Hapo utarudi kwenye tepu na watu wa kweli, na kikundi ndicho chenye watu wa kweli.

Kuhusu jina. Stichi yenyewe na mbinu, kugeuza kisigino, kupunguza kwapani, kuongeza 6 kwenye duara, hivyo havina mwenyewe, wafumaji wamepeana tangu zamani na wewe unaruhusiwa. Maandishi ya pateni ya mtu, chati aliyoichora, picha zake, hivyo ni vyake, usinakili ukauza wala usibadilishe rangi tu ukasema umebuni. Ua la bibi liko katikati, kama ni ua ambalo wafumaji wengi wanalo hata kwenye vitabu liko basi lichukue kwa amani, ila kama amelitunga yeye, na utajua kwa kumuuliza alilitoa wapi, basi mwombe kwanza, na akikubali jina lake liwe kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na lako na sio kwenye shukrani za mwisho kwa herufi ndogo, wewe umeweka hesabu, saizi na maandishi, yeye ameweka ua. Pateni ikiuza mgawane, kubalianeni kiasi kabla haijatoka. Akikataa usibishane naye, liache, chukua namba zake za sweta ambazo ukizipima mwenyewe ni kazi yako, tafuta ua lingine. Na wale wawili waliokujaribia pateni waandike pia, na uwape uzi wa kufumia, maana muda wao umeshautumia.

Anza na ile kofia ya shubiri mbili na nusu. Ukifika kwenye kupunguza juu ya kichwa na hesabu ikakataa niandikie tena, uniambie una stichi ngapi kwenye sindano na sampuli yako inasemaje, bila hizo namba mbili siwezi kukusaidia.